Barua ya wazi kwa wakuu wa ununuzi wa umma: mpango wa kaboni tuupime kwa risiti za sheli

Wakuu wa ununuzi wa umma, kuanzia PPRA, mamlaka inayosimamia manunuzi ya umma kule Dodoma, mpaka maafisa manunuzi wa halmashauri na taasisi zetu huku Kanda ya Ziwa, shikamooni kwa mlionizidi umri, kwa wenzangu habari za kazi.

Mi ni fundi baridi. Nafunga viyoyozi, natengeneza vyumba vya baridi vya samaki na vya dawa, kakampuni ketu kako Nyakato hapa Mwanza, tuko watu 11, pikapu mbili, Canter moja na pikipiki mbili za mafundi. Tenda za serikali ndo zinatulisha zaidi ya nusu ya mwaka, sitaki kudanganya. Kwa hiyo siandiki kama mwanaharakati wa mazingira, naandika kama mzabuni ambaye juzi kati aliaibika, na naona aibu hiyohiyo inakuja kwa wenzangu wengi kama nyie hamtaiwahi njiani.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana kuna kampuni kubwa ya nje ilikuwa inatafuta wakandarasi wadogo wa kushirikiana nao kwenye mradi mmoja, sitaitaja na haina haja, wakatutumia orodha ya nyaraka za kuambatanisha. Leseni, TIN, uthibitisho wa kodi, usajili wa bodi, hayo yote tunayo yamekaa kwenye faili toka enzi. Halafu mwisho kabisa wa orodha, mpango wa kampuni wa kupunguza kaboni (yaani hewa ukaa na gesi nyingine zinazoongeza joto duniani), uwe umesainiwa na mkurugenzi. Nikamuuliza binti anayetusaidia makaratasi hii ni nini, akasema bosi hata mi sijui, labda ni ya wale wenye viwanda. Siku zimebaki nne. Nikampata jamaa mmoja mjini huwa anaandika hizi sera sera, akasema milioni moja na laki mbili, nikalipa, kesho yake usiku nikapokea PDF ya kurasa 38, mbele ina picha ya majani mabichi na jina letu kubwa. Nikasaini. Sikusoma, nakiri.

Wiki mbili baadaye dada mmoja wa upande wao akapiga simu, kwa upole kabisa akauliza, samahani kaka, ukurasa wa 17 mmesema mtabadilisha boila za kupashia joto ofisi zenu msimu wa baridi, hizo boila mnazo ngapi? Mwanza hii! Mwezi wa kumi huku mtu anatembea anatafuta kivuli cha jiwe. Nikafungua PDF huku simu iko sikioni, nakuta ukurasa unaofuata unasema wafanyakazi wetu wataacha magari binafsi na kupanda treni ya chini ya ardhi. Wafanyakazi wangu, ambao wenye magari binafsi ni sifuri, na reli ya SGR ya kutoka Isaka bado tunaisubiri itufikie hata juu ya ardhi. Jamaa alikuwa amekopi na kupesti mpango wa kampuni ya Uingereza, akabadilisha jina.

Kazi tukakosa, na tulistahili kukosa.

Nilikasirika kama wiki hivi, halafu hasira ikaisha nikabaki na swali tu, hivi sisi kwa kweli tunachafua kiasi gani? Kwa sababu kama yule dada angeuliza swali hilo badala ya boila bado ningekuwa sina jibu. Nikamwita binti wa makaratasi, tukachukua kaunta buku jipya, tukamwaga mezani boksi la risiti za mwaka mzima.

Hapa naomba mnisikilize wakuu maana ndo kiini cha barua. Risiti za EFD za sheli, zile za mashine ya kodi, zote zina lita na tarehe. Tulikuwa tunazitunza kwa ajili ya mahesabu ya kodi, hatukuwahi kujua kwamba ni nusu ya mpango wa kaboni. Tukajumlisha dizeli, lita 5,100 kwa mwaka. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.68 za hewa ukaa, hiyo ni kemia, haibadiliki uwe London au Buhongwa. Zidisha, unapata tani 13.7. Petroli ya pikipiki na jenereta lita 640, kila lita kilo 2.3 hivi, ni tani moja na nusu. Umeme ni LUKU, kila tokeni ina yuniti zake na meseji ziko kwenye simu ya ofisi, tukaziandika zote, jioni moja ikatosha.

Basi nikajisemea, mbona rahisi, tumemaliza. Binti akaniuliza, na gesi je?

Gesi ya viyoyozi wakuu. Hapo ndo nilipokaa chini. Mimi nipo kwenye hii kazi mwaka wa 19 sasa, najua kwamba gesi ikivuja ni hasara ya hela, lakini sikuwahi kuigeuza kuwa tani za kaboni. Ile R-410A ambayo imejaa kwenye viyoyozi vingi vya ofisi zenu, kilo moja ikitoka hewani inaongeza joto sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa. Kilo moja tu! R-134a ya mafriji ni 1,430. Tukafanya hesabu ya mitungi, yaani gesi tuliyoanza nayo mwaka stoo, jumlisha mitungi tuliyonunua mwaka mzima, toa gesi tuliyoingiza kwenye mashine za wateja kama ilivyoandikwa kwenye jobukadi, toa iliyobaki stoo ukipima kwa mizani, inayopungua hapo ndo imepotea mikononi mwetu. Ikapungua kilo 6 za R-410A na kilo moja na nusu za R-134a. Kilo saba na nusu, ndoo ndogo ya kuogea inajaa na kubaki. Ukizidisha unapata tani 14.7.

Yaani kandoo ka gesi kamezishinda pikapu mbili na Canter zilizokimbia mwaka mzima Sengerema, Magu, Misungwi na Geita.

Na imepoteaje? Mafundi wanaelewa. Fundi anahamisha kiyoyozi kutoka chumba kimoja kwenda kingine, badala ya kufanya pampu dauni gesi yote ikae kwenye mashine ya nje, ana haraka, anafungua maungio inapiga fyuuu, anaendelea na kazi. Au anafukuza upepo kwenye paipu kwa kupuliza gesi kwa sababu vakyumu pampu iko kwenye pikapu nyingine. Au mteja analalamika haipoozi, fundi anaongeza gesi bila kutafuta pa kuvuja, baada ya miezi mitatu anaitwa tena anaongeza tena, na mteja anaona fundi mzuri anakuja haraka. Haya nayajua kwa sababu nimeyafanya yote matatu enzi zangu.

Kwenye ule mpango wa kurasa 38 neno gesi ya kupozea halikuwepo hata mara moja. Kampuni ya viyoyozi.

(R-22 ya zamani ni kisa kingine, hiyo nayo inachoma dunia, kilo moja inafika kama 1,810, lakini kwenye hesabu hizi za kaboni huwa inaandikwa pembeni kwa sababu iliwekwa chini ya ule Mkataba wa Montreal wa 1987 wa kulinda tabaka la ozoni. Sisi tumeiandika pembeni kama wanavyotaka, ila ndani ya moyo tunaihesabu.)

Sasa niwaambie kwa kifupi hili jambo limetokea wapi, maana nilivyoaibika nililazimika kusoma. Uingereza walitunga sheria mwaka 2019 kwamba ikifika 2050 wawe wamefika kwenye sifuri halisi ya gesijoto, yaani wanachotoa hewani kisizidi wanachoondoa. Mwaka 2021 serikali yao ikatoa mwongozo wa manunuzi, kuanzia tarehe 30 Septemba mwaka huo, mtu anayeomba mkataba wa serikali kuu wenye thamani ya zaidi ya pauni milioni 5 kwa mwaka lazima awe na mpango wa kupunguza kaboni, usiozidi miezi 12 tangu uhuishwe, uwe umewekwa wazi kwenye tovuti ya kampuni na umesainiwa na wakubwa wa kampuni. Huna, unatolewa. Ukiwa nao umepita, hakuna anayekushindanisha na mwenzako nani ana moshi kidogo, wanachotaka ni uonyeshe unajua ulipo, umeahidi kufika wapi na unafanya nini njiani. Shirika lao la afya kule England, NHS, lilifuata Aprili 2023 kwa mikataba mikubwa kama hiyo, halafu Aprili 2024 wakashuka mpaka ya chini, na kwa wadogo wakakubali ahadi fupi badala ya mpango mzima. Hapo kwenye kushuka ngazi kwa ngazi pana akili, nitaparudia.

Hesabu yenyewe wanaigawa makundi matatu, wanaita skopu. Ya kwanza ni kile unachochoma au kuvujisha mwenyewe, ndo dizeli yangu na kale kandoo. Ya pili ni umeme unaonunua. Ya tatu ni ya wengine wanaokufanyia kazi, na hapo hawakutaka kila kitu, walichagua mambo matano tu: usafirishaji wa mizigo inayokuja kwako, wa ile inayotoka kwako, taka, safari za kikazi na wafanyakazi kuja kazini. Kwangu mimi mizigo inayokuja ndo kubwa, viyoyozi vinatoka bandari ya Dar kwa lori zaidi ya kilomita 1,100. Wafanyakazi kuja kazini ni daladala na miguu, tukaandika mstari mmoja.

Kuna wakubwa najua mkifika hapa mtasema, sasa hayo ya Waingereza yanatuhusu nini, Tanzania yetu inachafua nini, wachafuzi ni wao. Kweli kabisa, sibishi. Lakini mi nimekulia Ilemela, mzee wangu alikuwa anafanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara, na mwaka 1999 Ulaya walipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu, hawakuuliza kama mzee wangu amewahi kushika sumu. Kiwanda kilisimama. Nyumbani tulikula mapanki mpaka mdogo wangu mpaka leo hii hataki kuyasikia. Soko lilikuja kufunguka baada ya nchi kuonyesha kwamba inaweza kupima na kuthibitisha yenyewe, na leo ile maabara ya samaki ya Nyegezi iko palepale inapima. Sheria ilitungwa mbali, njaa ikatua kwetu, na dawa ikawa kipimo kilichoko kwetu. Mi naona hili la kaboni linakuja kwa barabara ileile, safari hii linaanzia kwa wakandarasi wadogo tunaofanya kazi chini ya makampuni ya nje, kesho litakuwa kwenye miradi ya mikopo, keshokutwa mtaliweka wenyewe kwenye NeST, ule mfumo wetu wa tenda za serikali mtandaoni.

Na pia sio kwamba ni ya Wazungu peke yao. Serikali yetu imeahidi kwenye mchango wake wa Mkataba wa Paris wa tabianchi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na hali ingekuwaje bila kufanya kitu. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeshaambiwa ziachane na kuni na mkaa. Mwezi wa tano 2024 ziwa lilipanda kuliko ilivyowahi kurekodiwa, watu wa ufukweni waliona maji yanaingia sebuleni, hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaeleza kwamba hali ya hewa imekuwa na mambo yake. Mimi tu niliyefanya kazi kwenye jokofu moja pale Mwaloni maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu nakumbuka.

Kwa hiyo ombi langu wakuu sio kwamba msituletee. Leteni, ila msilete kama karatasi nyingine ya kununua mjini kwa milioni moja na laki mbili. Tunazo nyingi za hivyo tayari, sera ya jinsia, sera ya usalama kazini, sera ya mazingira, nyingine zina jina la kampuni ya mtu mwingine kwenye ukurasa wa sita na hakuna aliyewahi kugundua, na nyie mnajua hamsomi na sisi tunajua hamsomi. Mkiweka mpango wa kaboni kwenye orodha ya viambatanisho kwa staili hiyo, nawaahidi ndani ya miezi mitatu kila stesheneri ya mjini itakuwa inauza.

Tengenezeni fomu moja. Kurasa mbili zinatosha. Iwe ya Kiswahili, iwe ndani ya mfumo wenyewe, mtu anajaza lita za dizeli, lita za petroli, kilo za gesi ya kupikia, yuniti za LUKU, kilo za gesi za kupozea kwa aina zake, tani za mizigo na kilomita, mfumo unazidisha wenyewe. Tulihama TANePS kwenda NeST mwaka 2023, kila mtu akalia, leo tumezoea, hii fomu ni ndogo kuliko huko kuhama. Na zile namba za kuzidishia ziwe palepale, za kwetu. Ya dizeli ni ileile dunia nzima lakini ya umeme sio, umeme wa gridi yetu sio wa Uingereza wala wa nchi inayochoma makaa ya mawe, na tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere ianze kuwashwa 2024, ile yenye megawati 2,115, mchanganyiko umebadilika sana. Fundi wa Nyakato hawezi kuanza kutafuta namba hiyo kwenye makabrasha, na mkituachia kila mtu atachagua inayompendeza. Wazabuni ishirini watakuwa na majibu ishirini, na mthamini wenu atakaa anawalinganisha kama vile wote wamepima kwa rula moja.

Kuhusu uthibitisho, hapa ndo serikali ina bahati ambayo sidhani kama imeiona. Lita zangu ziko kwenye EFD. Yuniti zangu ziko TANESCO. Mizigo yangu ina nyaraka za forodha na za lori. Yaani mkitaka kujua kama nimedanganya hamhitaji konsaltanti, mnahitaji kuniambia tu kwamba nikishinda, kabla ya kusaini mkataba, naweza nikaitwa kwa bahati nasibu nije na boksi langu la risiti. Mmoja katika kumi akiitwa habari zitafika mpaka Ukerewe. Na anayekutwa ameandika uongo, adhabu za kufungia wazabuni zipo tayari kwenye sheria, hamna haja ya kutunga mpya.

Ila msianze na mama anayesambaza chakula kwenye kituo cha afya. Hapa ndo narudi kwa wale Waingereza na ngazi zao. Sheria yetu imetenga asilimia 30 ya bajeti za manunuzi kwa makundi maalum, vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, ni jambo zuri na limeanza kuzoeleka, mkiwadondoshea fomu ya skopu tatu siku ya kwanza mtakuwa mmefunga mlango ambao ndo kwanza umefunguliwa. Anzeni na mikataba mikubwa, wale wenye magreda na vituo vya kuchanganyia zege, wao dizeli yao ya wiki moja ni ya kwangu ya mwaka. Sisi wa kati mtupe miaka miwili ya kujaza bila kutolewa, tuzoee, tupate mwaka wa msingi wa kujipimia. Wadogo kabisa iwe ahadi fupi na lita zao, basi.

Na jamani miti. Naomba msikubali miti badala ya dizeli. Najua itakavyokuwa, kampuni itaandika imepanda miti 10,000, picha ya mkurugenzi ameshika jembe tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira, mbuzi wanamaliza kazi tarehe 6. Napenda miti, hizi milima yetu ya mawe inaihitaji, lakini iandikwe kwenye kisanduku chake cha peke yake, isiende kufuta lita za pikapu.

Jambo lingine dogo ila linaumiza, mkinipima mnipime na kwa kazi pia. Mwaka huu tukipata tenda mbili zaidi dizeli itapanda, nitaonekana nimeharibu wakati labda kwa kila kiyoyozi kimoja nilichofunga nimepunguza. Ruhusuni mtu aonyeshe yote mawili, jumla na kwa kila kazi, anayelala bila kazi asije akaonekana ndo mwanamazingira bora.

Sasa niwageukie na nyie kidogo, mtanisamehe. Kaboni nyingi ninayotoa kwenye kazi zenu imeandikwa na nyie, kwenye spesifikesheni. Kuna taasisi moja ilitangaza viyoyozi vya BTU 24,000 kwa vyumba ambavyo nilivipima mwenyewe kwa futi, 12,000 ilikuwa inatosha na kubaki, lakini nikijaza 12,000 natolewa kwa kutokidhi vigezo, basi nikafunga mashine zinazokula umeme wa bure mpaka leo na karani anakaa na sweta. (Labda yule jamaa wa boila alikuwa na hoja.) Kuna nyingine ni kama nguo za kuazima, spesifikesheni imekopiwa kutoka tenda ya zamani na inataka gesi ya zamani, wakati madukani zimeshaingia za R-32 ambayo kilo moja ni 675 tu, sio hata theluthi ya R-410A. Mngeandika mstari mmoja kwamba gesi isizidi kiwango fulani, mngeokoa tani nyingi kuliko fomu zetu zote. Na saiti visiti ya lazima, Nansio, kwenda kuangalia ukuta ambao mngeweza kuupiga picha, wazabuni tisa, magari tisa, kivuko, kulala, halafu tenda inafutwa. Afadhali wa Sengerema tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hatukai tena foleni ya kivuko na injini inanguruma masaa mawili.

Halafu malipo. Sikutaka kuliandika hili kwenye barua ya kaboni lakini liko humohumo ndani. Sisi baada ya ile hesabu ya kandoo tulikubaliana mambo matatu: kila fundi awe na mizani yake, hakuna kufungua mashine bila pampu dauni, na tununue mashine ya kunyonyea gesi ili ya kwenye viyoyozi vinavyotolewa isiende hewani. Mawili ya kwanza tumeyafanya, miezi sita ya mwanzo tumepoteza kilo moja na robo za R-410A kwa mwaka ambao kazi hazijapungua, na mafundi wenyewe wanataniana atakayepuliza gesi analipa soda za wote, jamaa mmoja ameshalipa kreti nzima. La tatu limekwama. Mashine yenyewe bei yake ni ndogo kuliko invoisi moja tunayodai kwenye ofisi moja ya umma tangu mwezi wa nane mwaka juzi, kazi imekaguliwa, cheti cha kukamilika kimesainiwa, kila nikienda naambiwa kaka vuta subira iko kwenye mchakato. Kwenye mpango wetu wa kaboni ulioandikwa na sisi wenyewe, kurasa mbili na nusu, kuna mstari unasema mashine ya kunyonyea gesi, muda wa kununua, siku 30 baada ya malipo. Ni mstari wa kweli kuliko yote kwenye ule mpango, na sijui mthamini wa nje atauelewa vipi.

Fomu ya kujazia tumeitengeneza kwenye Eksel, ya Kiswahili, tumewapa mafundi wenzetu wa Igoma na Kirumba wanaijaribu, mwenye gereji mmoja ameongeza kisanduku cha oili chafu na mwenye mashine ya barafu ameongeza cha amonia japo amonia kwenye hesabu hii ni sifuri, anataka tu ionekane kwamba anayo. Wakuu mkiitaka mtaipata bure, mkiona ina makosa rekebisheni, hatuna hakimiliki. Afisa yeyote akipita Nyakato akauliza fundi baridi mwenye Canter ya bluu ataelekezwa, tutamfungulia boksi la risiti ahesabu mwenyewe, chai ipo. Wabeja sana.

Na ile invoisi, namba yake iko kwenye faili lenu, kabati la kushoto, droo ya pili, nimeonyeshwa mara nne.